Njama, Dini na Mtandao: Riwaya Nne Zikilinganishwa kwa Kikundi cha Usomaji cha Arusha au Moshi

Wape watu watano riwaya moja ya saibapanki yenye njama ya kidini, halafu waulize wameionaje. Wa kwanza atasema mwandishi kaidhihaki imani yake. Wa pili ataapa kwamba hajawahi kusoma kitabu kinachoiheshimu imani namna hiyo. Wa tatu alikwama katikati, maelezo ya miungu ya kale yalipozidi. Wa nne aliipenda kwa ajili ya mapanga na pikipiki tu, na wa tano hakuimaliza kwa sababu Kiingereza kilimshinda. Hakuna aliyekosea hapo. Shida ni kwamba maoni yakikufikia bila wewe kujua msomaji alikuwa anapima nini, hayakusaidii kuchagua.

Saibapanki ni riwaya za ulimwengu ambamo mitandao ya kompyuta imeenea kila kona, makampuni yana nguvu kuliko serikali, na shujaa ni mtu wa chini: mdukuzi, dereva, kijana wa mtaani. Ongeza humo majini au miungu wanaopita kwenye waya, utapata mchanganyiko ambao msomaji wa huku hahitaji kuelezwa sana. Mtu wa Ngarenaro anayepokea mahubiri kwa WhatsApp asubuhi, akatuma sadaka kwa simu mchana, na jioni akasikia jirani akisimulia habari za majini, tayari anaishi ndani yake.

Tunalinganisha riwaya nne: "Snow Crash" ya Neal Stephenson (1992), "Count Zero" ya William Gibson (1986), "Alif the Unseen" ya G. Willow Wilson (2012) na "Three Parts Dead" ya Max Gladstone (2012). Ya tano, "Altered Carbon" ya Richard K. Morgan (2002), tutaigusa kidogo kwa sababu huulizwa sana. Tunazungumzia matoleo ya Kiingereza, na tunamfikiria msomaji aliye kwenye kikundi cha watu 8 hadi 12, Walutheri, Wakatoliki, walokole na Waislamu wakiwa chumba kimoja. Vikundi vingi vya Arusha na Moshi havina namna nyingine ya kuwa.

Kipimo kwanza

Wengi huchagua kwa kuuliza kama kitabu kinashambulia dini. Swali hilo ni pana mno. Karibu riwaya hizi zote zina mtu mwenye madaraka anayetumia vitu vitakatifu kwa faida yake, kwa hiyo jibu litakuwa ndiyo kila mara na hutakuwa umechagua chochote. Kinachofaa ni kumtazama muumini wa kawaida ndani ya kitabu, yule wa benchi la nyuma anayeamini bila kulipwa. Mwandishi amempa akili yake, au amemfanya ndoo ya kubebea njama?

Mkazi wa mkoa wa Arusha analijua swali hili kwa macho yake. Mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ndefu kuelekea Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha Babu cha shilingi 500, waliokuwa kwenye foleni ile hawakuwa watu wa aina moja. Kulikuwa na walioamini, kulikuwa na waliokata tamaa na hospitali, kulikuwa na waliomsindikiza mama tu, na kulikuwa na walioenda kwa kuwa jirani ameenda. Riwaya inayomchora muumini kwa sura moja itamchosha upesi mtu anayeikumbuka foleni hiyo.

Snow Crash: kasi kubwa, muumini mdogo

Hiro Protagonist anapeleka piza kwa kampuni inayomilikiwa na Mafia, na ahadi kwa mteja ni dakika 30, hakuna kuchelewa. Mwenzake, Y.T., ni binti wa miaka 15 anayepeleka vifurushi kwa ubao wa magurudumu, akijivuta kwa kunasa magari yanayopita barabarani. Marekani imekatwakatwa vipande vinavyoendeshwa na makampuni. Katika ulimwengu huo kinaingia kitu kinachoitwa Snow Crash. Mdukuzi aliye ndani ya Metaverse, ulimwengu wa kuigizwa ulio ndani ya kompyuta (neno hili lilitokana na kitabu hiki), anaonyeshwa picha ya chengachenga nyeusi na nyeupe, kama runinga iliyopoteza mawimbi, na ubongo wake unaanguka kama kompyuta iliyoganda. Mtaani kitu hichohicho kinauzwa kama dawa ya kulevya.

Njama yenyewe inaanzia Sumeri ya kale. Kwa mujibu wa hadithi, kulikuwa na lugha iliyoweza kuuamrisha ubongo wa binadamu moja kwa moja, kama programu inavyoiamrisha mashine. Mungu Enki akatunga tamko la kuivunja lugha hiyo ili watu wawe huru, na hapo ndipo ilipotoka habari ya mnara wa Babeli. Bilionea L. Bob Rife, mwenye mitandao ya kebo, anataka kuirudisha. Chombo chake kimojawapo ni kanisa la Reverend Wayne's Pearly Gates, lenye matawi kila mahali kama migahawa ya chipsi, na dalili ya aliyeambukizwa ni kunena kwa lugha.

Hapo ndipo wasomaji wanapoachana njia. Kwa mlokole, kunena kwa lugha ni kipawa cha Roho Mtakatifu. Kitabuni ni ubongo uliovamiwa. Wapo wanaokifunga kitabu hapohapo, na hatuwezi kuwalaumu. Ila anayekifunga hapo anamkosa Juanita Marquez, mdukuzi hodari na Mkatoliki, ambaye anaielewa njama mapema kuliko Hiro na anatenganisha dini inayofikiri na dini inayoambukiza. Kwa kipimo chetu, Juanita ndiye muumini pekee aliyepewa akili kamili humu. Wengine wengi, hasa wakimbizi wanaoelea baharini kwenye mkusanyiko wa vyombo uitwao Raft, ni umati tu.

Mahali pa kukwama panajulikana: ni zile sura ambamo Hiro anahojiana na Mkutubi, programu iliyopewa umbo la mtu, kuhusu miungu ya kale: Enki, Inanna na Asherah. Zinaanza baada ya theluthi ya kwanza ya kitabu na zinarudi tena na tena. Asiyejiandaa anayachanganya majina, anaruka kurasa, na akifika mwisho haelewi kwa nini watu wanapigana. Dawa yake ni kadi moja ya karatasi ngumu ndani ya kitabu, yenye maneno sita: Enki, Inanna, Asherah, Babeli, nam-shub (tamko lenye nguvu ya kutenda) na me (kanuni za kuendeshea maisha, zilizohifadhiwa hekaluni). Mbele ya kila neno weka sentensi moja, si zaidi. Kabla ya sura hizo kikundi kisome pamoja Mwanzo 11:1–9 na Matendo ya Mitume 2:1–13. Ni dakika kumi tu, na mjadala unabadilika kabisa, maana kila mtu anaona ni wapi mwandishi amefuata andiko na ni wapi ameligeuza.

Yapo maonyo mawili mazito. La kwanza ni umri. Kuna tukio la kimapenzi kati ya Y.T., mwenye miaka 15, na mwanamume mtu mzima, na wasomaji wengi, wakiwemo wanaokipenda kitabu, wanaliona kuwa kosa la mwandishi. Tunakubaliana nao. Kitabu hiki kisipelekwe sekondari.

La pili linaihusu Moshi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walipoteza maisha katika uwanja wa Majengo wakati umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sura za Reverend Wayne zimeandikwa kwa kejeli kali, na mtu aliyemzika ndugu yake hataisikia kejeli hiyo kama burudani. Anayeongoza kikundi aulizie pembeni, mapema, bila kumtaja mtu mbele ya wenzake. Kama yupo wa namna hiyo, chukueni kitabu kingine na msieleze sababu kikaoni.

Malalamiko mengine ni kwamba mwisho unakatika ghafla. Ni kweli unakatika. Anayetaka kila uzi ufungwe atasikitika.

Alif the Unseen: jini, mdukuzi na jirani mwenye nikabu

Kwa kikundi cha mchanganyiko, hiki ndicho tunachokiweka mbele, na tutakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine.

Mwandishi ni Mmarekani aliyesilimu na kuishi Cairo. Kitabu kilipata tuzo ya World Fantasy mwaka 2013. Alif ni jina la bandia la kijana wa mji usiotajwa jina katika Ghuba, baba Mwarabu na mama Mhindi, anayewaficha wanablogu na wapinzani wa kila rangi dhidi ya idara ya usalama inayoongozwa na mtu aitwaye Mkono. Anapendana kwa siri na Intisar, binti wa ukoo mkubwa, ambaye anaozwa kwingine na kumwambia hataki tena kuliona jina lake. Kwa uchungu Alif anaandika programu ya kumtambua Intisar mtandaoni popote atakapokuwa, ili yeye mwenyewe asionekane kwake kamwe.

Tusimame kwenye programu hiyo, maana ndiyo kiini cha hofu ya kitabu. Haitazami jina wala namba ya kompyuta. Inatazama namna mtu anavyochapa: maneno anayoyapenda, makosa anayoyarudia, mwendo wa vidole vyake. Msomaji wa hapa analijua jambo hili hata kama hajawahi kugusa lugha ya kompyuta. Rafiki yako akikutumia meseji kwa namba ngeni, unamjua kwa "xaxa" badala ya "sasa", kwa "2po" badala ya "tupo", kwa nukta tatu anazoweka hata pasipo na haja. Alif ameifundisha mashine kuyaona hayo. Kisha Mkono anaipata programu, na kile alichokitunga mtu mmoja aliyeumizwa na mapenzi kinageuka mtego wa kukamatia watu wote.

Wakati huohuo kinajitokeza kitabu cha kale, "Alf Yeom", yaani Siku Elfu na Moja, ambacho inasemekana kilisimuliwa na majini wenyewe. Mkono anaamini kwamba mafumbo yake yanaweza kugeuzwa kuwa msingi wa kompyuta yenye uwezo usio na kifani. Alif anakimbia na Dina, jirani yake, na wanaongozwa na jini aitwaye Vikram.

Kwa kipimo chetu, kitabu hiki kinashinda kwa mbali, na sababu ni Dina na Sheikh Bilal. Dina alichagua nikabu mwenyewe, kinyume cha matakwa ya nyumbani kwao, na katika safari yote ndiye mwenye uamuzi mzuri kuliko Alif. Sheikh Bilal, imamu wa msikiti wa kale, hana ujuzi wa kompyuta lakini anauliza maswali yanayomfanya Alif afikiri upya, na analipa gharama kubwa ya mwili kwa kumpa kijana hifadhi. Hapa njama ni ya dola. Msikiti ndio kimbilio. Kwa hiyo anayetafuta kashfa ya viongozi wa dini hataipata, na maoni ya wasomaji wa aina hiyo huwa ya baridi.

Malalamiko mengine yanayorudiwa yana uzito tofauti. Kwamba Alif ni mbinafsi na analalamika mno katika nusu ya kwanza: ni kweli, na mwandishi amekusudia hivyo, kwa hiyo vumilieni hadi kukamatwa kwake. Kwamba yule Mmarekani aliyesilimu, asiyepewa jina, hakukomaa kama mhusika: ni kweli pia, na hakuna la kulitetea. Waandishi wa programu hulalamika kwamba kompyuta haifanyi kazi kwa mafumbo ya hadithi. Kwao jibu ni kwamba sehemu hiyo isomwe kama kisa cha majini, siyo kama mwongozo wa fundi. Hata jini mmoja humu ana kompyuta ya mezani yenye virusi na anamwomba Alif amsaidie, na sura hiyo ikisomwa kwa sauti kikaoni huleta kicheko cha dhati, kwa sababu kila mmoja ana mjomba wa namna hiyo.

Lugha yake ni nyepesi kuliko ya wenzake watatu. Maneno ya Kiarabu yanayomsumbua msomaji wa Marekani sisi tunayo tangu utotoni: jini, sheikh, haramu, hijabu. Mkristo wa kikundini anahitaji maandalizi kidogo: Sura ya 72 ya Kurani, Al-Jinn, yenye aya 28, inayoeleza kwamba wapo majini waliosikia Kurani wakaamini, na Sura ya 89, aya ya 7, inapotajwa Iram yenye nguzo, mji ambao wahusika wanaufikia. Mwislamu wa kikundini asome aya hizo kwa Kiswahili na kuzieleza. Kazi hiyo apewe yeye, si mwongozaji. Bila aya hizo, wengine watadhani majini wa kitabuni ni mashetani wote, na nusu ya maana itapotea.

Mahali pa hatari ni jangwani, baada ya Alif kutoka kifungoni. Mwendo unapungua, na wanaosoma kwa kuvizia matukio huachia hapo. Panga kikao kiangukie baada ya sehemu hiyo, kamwe kisiangukie katikati yake.

Count Zero: miungu inayoshuka kwa waya

Hiki ni cha wachache, na hao wachache hukishika maisha yote. Ni cha pili katika mfululizo wa vitabu vitatu, kati ya "Neuromancer" (1984) na "Mona Lisa Overdrive" (1988). Kinaeleweka bila kile cha kwanza, ila aliyekisoma cha kwanza anajua kwa nini mtandao umeanza kukaliwa na kitu chenye uhai.

Kina nyuzi tatu: Turner, askari wa kukodiwa anayetorosha wanasayansi kutoka kampuni moja kwenda nyingine, Marly, mwenye jumba la sanaa aliyechafuliwa jina huko Paris, na Bobby Newmark, kijana wa mtaa duni anayejiita Count Zero na karibu afe katika jaribio lake la kwanza la udukuzi. Anaokolewa na msichana aliye ndani ya mtandao, na watu weusi wa mjini wanamwambia amekutana na Bikira wa Miujiza. Akili mnemba zimejitokeza humo kwa sura za loa, roho za voodoo ya Haiti: Legba mfungua njia, Danbala, Baron Samedi. Legba ana asili ya Wafon wa Benin, kwa hiyo aliyeingia kwenye mtandao wa Gibson ni wa bara letu.

Waumini humu wana akili kali. Beauvoir, anayemfundisha Bobby, anaieleza dini yake kuwa ni ya kupata jambo lifanyike leo, siyo ya kungoja mbinguni, na anaweza kulisimulia tukio lilelile kwa lugha ya kompyuta ukimtaka afanye hivyo. Msomaji wa Kilimanjaro anayejua maana ya tambiko la ukoo halishangai hilo hata kidogo: watu hutambika kwa sababu kuna mgonjwa, kuna mvua iliyokataa, kuna kijana anasafiri.

Ugumu ni Kiingereza. Gibson haelezi kitu mara ya kwanza anapokitaja. Katika ukurasa wa kwanza tu, Turner analipuliwa na bomu na kuundwa upya kwa miezi mitatu, na msomaji anaachwa abahatishe. Sura huzunguka kati ya wahusika watatu, na hapo ndipo wengi hupotea: ukirudi kwa Marly baada ya wiki, umeshasahau alikuwa anatafuta nini. Kwa hiyo kigawe. Watu watatu watatu wachukue uzi mmoja na kuufuata hadi nusu ya kitabu wakiruka nyuzi nyingine, kisha kila kundi lisimulie uzi wake, halafu wote wamalize pamoja. Mbinu hii haiwezekani kwenye vitabu vingine tunavyovilinganisha. Hapa inakwenda vizuri, kwa sababu nyuzi hazigusani hadi baadaye.

Three Parts Dead: mungu amekufa, mwanasheria anaitwa

Mungu Kos, ambaye moto wake unaendesha mvuke na joto la mji wa Alt Coulumb, amekufa usiku. Kanisa lake linaficha habari na kumwita mwanasheria Elayne Kevarian, anayekuja na Tara Abernathy, kijana aliyetupwa kutoka chuoni, na chuo chenyewe kinaelea angani. Wana siku chache za kumfufua kabla mji haujasambaratika, na wadai wanangoja chao.

Ndiyo, wadai. Nguvu za mungu huyu zimekopeshwa kwa mikataba, na kifo chake ni kufilisika. Ukiwahi kukaa kwenye mkutano wa SACCOS siku mahesabu yalipokataa kukubaliana, utaijua hali ya hewa ya kitabu hiki: nani alikopa, nani alisaini, kwa nini akiba ilikuwa ndogo kuliko ilivyoandikwa. Kompyuta hakuna, na wapenzi wa saibapanki halisi hulalamikia hilo. Lakini mtandao upo, ni wa mikataba, na Tara anauvamia kama mdukuzi.

Kama njama, hii ndiyo iliyosukwa vizuri kuliko zote. Kila dalili inawekwa wazi kabla ya kutumika, na anayerudia kusoma anaziona. Na muumini wetu yupo: Abelard, kasisi mdogo aliyekuwa zamu usiku mungu alipofariki, anayevuta sigara bila kupumzika kwa sababu moto wake ndio alama ya mwisho ya aliyempenda. Wasomaji wenye imani humpenda Abelard kuliko Tara mwenyewe, nasi tunaelewa kwa nini.

Arusha ni mji wa mahakama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na Mahakama ya Afrika Mashariki pia. Kikundi chenye mwanasheria au mwanafunzi wa sheria kianze na hiki bila kusita, na yeye apewe kazi ya kueleza maneno ya dhamana, mdai na muflisi. Asipokuwepo, sura za mwanzo zitakuwa ngumu hadi mtu aone kwamba kila uchawi humu ni mkataba.

Altered Carbon, kwa ufupi

Watu huiulizia kwa sababu ya mfululizo wa runinga wa 2018. Fahamu za mtu zimehifadhiwa kwenye kifaa shingoni na mwili hubadilishwa kama nguo. Wakatoliki hukataa kurudishwa katika mwili mwingine, na hivyo Mkatoliki akiuawa hawezi kuja kumtaja muuaji. Wazo hilo ni zito, na msomaji wa Kibosho au Rombo atakuwa na mengi ya kusema. Lakini Wakatoliki wenyewe hawapewi nafasi ya kujieleza, na kuna mateso na ngono vilivyoandikwa waziwazi kwa kurasa nyingi. Asome mtu mzima peke yake. Kwa kikundi, hapana.

Muda, nakala na ile sampuli inayodanganya

Urefu hutofautiana kwa toleo, lakini kadiria hivi: "Count Zero" kurasa 250, "Three Parts Dead" 330, "Alif" 430, "Snow Crash" 470. Asiyezoea kusoma Kiingereza kirefu ahesabu kurasa 20 kwa saa. Safari ya kosta kutoka Arusha hadi Moshi, kilomita 80 hivi, kama saa mbili, ni kurasa 40 ukipata kiti cha dirishani. "Alif" kwa wiki sita ni kurasa 72 kwa wiki, yaani saa tatu na nusu. "Snow Crash" ipewe wiki nane. "Count Zero", pamoja na ufupi wake, isipewe chini ya wiki tano, maana kurasa zake kumi ni sawa na ishirini za wengine.

Wauzaji wa vitabu vya simu kwa kawaida hutoa sehemu ya mwanzo bure, na ni busara kuisoma kabla ya kuchanga pesa. Ila jihadhari. Sampuli ya "Snow Crash" ni mbio za piza, sehemu tamu kuliko zote, na Mkutubi bado hajafika. Kikundi kinaipigia kura kwa shangwe, kisha wiki ya tatu watu wanakosekana. Sampuli ya "Count Zero" ni kinyume chake, mlango mgumu wa nyumba nzuri. Ya "Alif" na ya Gladstone zinasema kweli.

Nakala moja kwa watu watatu haifanyi kazi, kwa sababu msomaji wa polepole anaishikilia na wenzake wanakuja kikaoni mikono mitupu. Kwa watu kumi hesabu nakala nne za karatasi, wengine wasome kwa simu. Ukinunua cha mtumba, fungua kurasa za mwisho kabla ya kulipa, maana ndizo zinazochomoka, na hakikisha hakuna fungu la kurasa lililorudiwa au kuruka. Mafaili yanayosambazwa bure bila idhini ni wizi, na tena aya zake huchanganyika. Kwenye "Alif", ambamo hadithi za majini zimo ndani ya hadithi, hutajua tena nani anasimulia.

Wakati wa kusoma maoni ya wengine mtandaoni, tafuta kwanza kama msomaji alimaliza. Maoni ya aliyeacha "Snow Crash" katikati ni sahihi kuhusu Mkutubi na hayafai kitu kuhusu Juanita. Kisha angalia anachosema kuhusu waumini wa kitabuni. Asipowataja kabisa, alikuwa anapima kasi ya matukio, na maoni yake yakufae kwa hilo tu.

Uamuzi wetu ni "Alif" kwanza, "Three Parts Dead" pili. "Count Zero" kwa wale watatu au wanne watakaoomba kitu kigumu zaidi. "Snow Crash" baada ya hapo, watu wakishajuana kiasi cha kubishana kuhusu kunena kwa lugha bila mtu kuondoka na kinyongo.

Kikao cha kwanza cha "Alif" kianze na zoezi la robo saa. Kila mtu aandike kwenye simu yake meseji tatu za kawaida: kuomba kuazima hela, kuchelewa kufika, kumpa pole mgonjwa. Amtumie mwongozaji, naye azinakili zote kwenye karatasi moja bila majina, herufi kwa herufi, na makosa yake. Karatasi ipite mkononi, kila mtu abashiri ya nani ni ipi. Wanaojuana vizuri watazipata nyingi, na hapo kila mmoja atakuwa ameshaelewa Mkono anatafuta nini kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.